Ukoko wa Bwanali

Bwanali alikuwa mtu wa kukigeuza kitu juu chini kabla hajakinunua. Hata sindano ya kushonea angeinyanyua juani aone tundu lake lilivyo. Kwa hiyo siku ile aliposimama kwenye duka la vyombo Kariakoo na kuulizia sufuria la umeme la presha, lile la kupikia wali, mwenye duka hakujua tu, lakini mchana wake ulikuwa umekwisha.

Alikuwa amefika Dar es Salaam kufuata mzigo wa dukani kwake Mbinga: vitenge, betri, sabuni, viatu vya plastiki. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vya Dubai vinamwagika mitaani, na watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni sasa wanachagua harufu ya sabuni. Lakini sufuria hakulitaka la kuuza. Lilikuwa la nyumbani, la mkewe Somoe, na lilitakiwa kufanya kazi moja tu: kumtoa Somoe kwenye moshi.

Kifua cha Somoe kilikuwa kimeharibika. Mbinga ni baridi. Mwezi wa sita ukungu hushuka mpaka mlangoni, na watu hulifunga jiko la uani gubigubi upepo usiingie. Moshi nao ukikosa pa kutokea humwingia mpishi. Somoe alikuwa ameuvuta moshi huo tangu alipoolewa, na sasa akipuliza kuni mara moja alikohoa mpaka akashika ukuta. Daktari wa hospitali ya misheni alimpima, kisha akamgeukia mume kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

"Mzee, mama huyu na moshi, chagua kimoja."

Bwanali alichagua palepale. Aliyekataa ni Somoe.

"Nikiacha moto," alisema walipokuwa njiani kurudi nyumbani, "ukoko wako utatoka wapi?"

Na hapo mwanamume mzima, mwenye ndevu nyeupe na duka la milango miwili, akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. Kwa maana Bwanali hakupenda ukoko. Hakuwahi kuupenda. Ulimkwaruza ufizi, ulimkwama kooni, na gego lake moja la kushoto lilikuwa limevunjikia humo humo. Mkewe alikuwa anaumaliza uhai wake motoni kwa ajili ya kitu ambacho yeye alikila kama dawa ya malaria.

Chanzo kilikuwa huruma. Somoe aliletwa Mbinga akiwa bibi harusi kutoka Lindi, na kwao alikuwa mpishi wa kusifiwa. Siku yake ya kwanza jikoni alipima mchele na maji kama alivyofundishwa na mama yake, akachemsha, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko kama watu wa pwani wafanyavyo. Alipopakua, wali wa juu ulikuwa na kiini kigumu na wa chini ulikuwa umeungua. Maji ya milimani huwahi kuchemka lakini hayawahi kuivisha. Wenye elimu wanasema sababu ni wepesi wa hewa. Somoe, siku ile, alidhani ni husuda ya mama mkwe.

Mama mkwe mwenyewe alionja, akaitafuna punje ngumu kwa sauti ili kila mtu aisikie, akaweka tonge chini. Bibi harusi akainamisha kichwa, machozi yakawa yanadondokea kwenye kanga mpya. Bwanali akaona hiyo fedheha, akanyoosha mkono sufuriani, akabandua kile kilichoungua chini na kukitia mdomoni.

"Mama, mimi ukoko ndio ugonjwa wangu," alisema huku akitafuna. "Tena uwe mnene hivi hivi, uliokolea. Nilikuwa namwomba Mungu anipe mke anayeujua."

Somoe akainua macho. Bwanali hakuyasahau yale macho mpaka uzee wake, na hakujuta. Ila neno moja la huruma liligeuka kazi ya maisha. Tangu siku hiyo Somoe aliongeza kuni, akaongeza makaa, akaukalisha wali motoni mpaka uive moyoni na ukoko uwe mnene kama kisigino. Akaushinda mlima. Wali wake ukajulikana mpaka kwa makarani wa chama cha kahawa. Na kila siku ya wali, kabla ya mtu yeyote, sahani ya ukoko iliwekwa mbele ya Bwanali, naye akasema alhamdulillahi.

Basi, pale Kariakoo, Bwanali alikuwa na sababu za kuchagua kwa makini kuliko mteja mwingine yeyote.

Mwenye duka alimwekea mbele masufuria matatu. La kwanza lilikuwa na mfuniko wa kioo. Bwanali akalikataa upesi.

"Hili linachemsha kama sufuria la kawaida. Kwetu milimani kuchemsha peke yake hakuivishi."

La pili lilikuwa la presha, linameta, lina taa kama gari la wageni. Akalipindua, akautazama waya, akauona mwembamba. Akauvuta mpira wa mfuniko, akaurudisha mahali pake, ukabaki umelegea.

"Mpira huu ukichoka naupata wapi?"

"Mzee, huo hauchoki."

"Kila mpira unachoka. Hata mimi nimechoka."

La tatu halikuwa na urembo. Lilikuwa jeupe, zito, mfuniko wake unajifunga kwa kuzungushwa na kulia *kwap*, sufuria la ndani ni nene na lina utelezi usioshika kitu, na mwenye duka alikuwa na mipira ya akiba kwenye boksi. Bwanali akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akauliza kama litawaka umeme ukiwa dhaifu, maana umeme wa Mbinga ulikuwa wa jenereta na jioni taa zilikuwa zinafumba macho. Kisha akafanya jambo ambalo wauza vyombo wa mtaa ule walilisimulia baadaye: alivuka barabara, akanunua mchele, akarudi nao kwenye mfuko.

"Lipike niuone."

"Mzee, hapa si hotelini!"

"Mimi nikiuza tochi naiwasha."

Wakaliwasha. Likanyamaza, likaanza kupumua, likatoa mvuke kwa kitundu cha juu *fsss*, likanyamaza tena, na kitaa chake kikabadilika rangi chenyewe, bila mtu kulisogelea. Bwanali alilitazama muda wote huo kwa heshima, mikono nyuma. Hakuna moshi. Hakuna kupuliza. Hakuna mtu anayefuta macho kwa ncha ya kanga. Walipofungua, wali ulisimama punje kwa punje, na kila punje imeiva mpaka ndani. Akapitisha mwiko chini ya sufuria: weupe mtupu. Moyo wake ukaruka kama wa mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

"Ila angalia," mwenye duka alisema. "Ukishaiva usifungue ukawasha tena. Utaushikisha chini."

"Sitawasha," Bwanali alisema. Hapo alikuwa akisema kweli.

Sufuria lilisafiri mapajani mwake mpaka Songea na kutoka Songea mpaka Mbinga, na alipofika mtaa mzima ulikuja kulitazama. Waliligusa, walilisifu, walimwuliza kama linasema. Soketi ya nyumba ile ilikuwa moja tu, sebuleni, pale penye redio, kwa hiyo sufuria likawekwa pale, kati ya redio na saa ya ukutani. Somoe alilizunguka kama mtu aliyeletewa mke mwenza.

"Kwa hiyo nitapika sebuleni, mbele ya wageni?"

"Jaribu tu, Mama Kauthar. Kwa ajili ya kifua."

Kauthar ndiye binti yao, aliyeolewa Lituhi, chini huko ziwani, na alikuwa ametuma mchele mpya wa kule. Somoe akauosha, akautia na maji na chumvi, akafunga mfuniko kama alivyoonyeshwa. Bwanali akatoka barazani kutawadha. Akiwa amenawa mguu mmoja alisikia harufu ya plastiki inayoungua.

Aliingia akichechemea. Somoe alikuwa amesimama juu ya sufuria na sepeto la jikoni mkononi. Kaa moja jekundu lilikuwa tayari limekaa juu ya mfuniko mweupe, na mengine yalikuwa njiani.

"Somoe! Unafanya nini?"

"Napalia!" alisema. "Wali haupaliwi?"

Bwanali alilipiga lile kaa kwa kopo la udhu, likaanguka, likazimika kwenye saruji. Mfuniko ulikuwa umebonyea, una kovu la kahawia la ukubwa wa kidole gumba. Kaa lile halikuwa limefika kwenye kitundu cha mvuke, Mungu ni mwema. Bwanali alitamani kucheka, na angecheka, kama asingeuona uso wa mkewe. Ulikuwa uso ule ule wa bibi harusi.

"Nimekuharibia," Somoe alisema. "Mimi na mashine hatupatani. Niache na moto wangu."

Hakungoja jibu. Aliuhamishia mchele kwenye sufuria lake la kuni, akachukua kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, cha maua, akalifunika sufuria kama vilivyofunikwa redio na jagi la maji, akarudi uani. Jioni hiyo Bwanali alikula ukoko akimsikiliza anakohoa. Kila alipotafuna, kikohozi kilijibu. Alijiona mwizi.

Siku zikapita sufuria likiwa pambo. Wageni walilisifia kwenye kitambaa chake. Somoe akawa anaamka usiku kukaa kitako apate pumzi, naye Bwanali anajifanya amelala, huku akijiambia, mwambie, mwambie kesho. Lakini kumwambia nini? Kwamba ile sahani aliyoiweka mbele yake kwa fahari, tangu ujana mpaka mvi, ilikuwa ni uongo? Angemwokoa kifua na kumvunja moyo. Bwanali hakuwa mwoga wa watu. Alishabishana na madereva wa malori na wanunuzi wa kahawa. Kwa mkewe alikuwa mwoga.

Aliyelifunua sufuria alikuwa Vitalia, jirani yao, mke wa mkulima wa kahawa, mwanamke wa Kimatengo asiyejua kunong'ona. Alipita akiwa na ungo wa maharage ya shambani kwake, yale yanayolimwa kwenye mashimo ya ngoro mlimani, magumu kama changarawe.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Bwanali. Mama Kauthar yuko wapi?"

"Marahaba. Amelala. Kifua kimembana."

Vitalia akaangalia kile kitambaa. "Na hili jungu lenu mmelivalisha ushungi linakwenda msikitini?"

Bwanali akamweleza. Vitalia akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Haya maharage yanakula mzigo mzima wa kuni," alisema. "Ninayaweka motoni kabla ya misa, nikirudi bado yananitolea macho. Linayaweza hili?"

Hawakujua, kwa hiyo wakajaribu. Bwanali akafunga mfuniko, *kwap*. Wakakaa sebuleni wanalitazama kama watu wanaosubiri taarifa ya habari. Mvuke ulipopulizwa Vitalia aliruka, akafanya ishara ya msalaba. Na walipofungua, mazungumzo yao ya bei ya kahawa yakiwa hayajafika hata nusu, maharage yalikuwa laini, yamepasuka, mchuzi wake mzito. Vitalia alibonyeza moja kwa vidole, likawa uji.

"Yesu na Maria!" alisema. "Jungu hili lina adabu. Limepika na halijaomba kuni." Kisha akamtazama Bwanali usoni. "Mzee, usiudhike. Wewe mwenye nyumba ukingoja mama alipende, atakufa akilitazama. Pika wewe."

"Mimi?"

"Kwani jiko liko wapi? Si sebuleni? Sebule si ya wanaume?"

Bwanali akakikunja kile kitambaa cha maua, akakiweka kando.

Ijumaa, baada ya sala, alifunga duka. Somoe alikuwa amejilaza chumbani, hana nguvu ya kupuliza kuni. Bwanali akakuna nazi aliyokuja nayo kutoka safarini, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia katikati ya sebule, dirisha wazi, na watu waliopita walisimama. Mmoja alimsalimia kwa sauti ya mtu aliyefika msibani. Bwanali akaitikia, akaendelea kukuna. Alichuja tui, alitia chumvi, alipima maji kwa kidole kama alivyomwona Somoe akifanya maisha yote bila kujua kwamba alikuwa akijifunza. Jungu likapumua, likanyamaza.

Alimpelekea sahani kitandani. Somoe aliitazama kwa mashaka, akafinya tonge, akatia mdomoni.

Akaacha kutafuna.

"Baba Kauthar," alisema polepole. "Huu ni wali wa Lindi."

"Ni mchele wa Lituhi."

"Sisemi mchele. Huu ni wali wa kwetu. Wa mama." Akafinya tonge jingine, akalibonyeza, akaitazama punje ilivyolainika mpaka moyoni. Macho yakamjaa. "Tangu nije milimani nautafuta huu. Nimechoma misitu mizima ya watu nautafuta. Nilidhani mkono wangu uliupoteza."

"Mkono wako haujapoteza kitu. Ni hewa ya huku. Jungu limeifungia nje."

Bwanali alimtazama akila, akaona kwamba hakuna kitu alichowahi kukinunua chenye thamani kama saa ile. Wala Somoe hakukohoa. Alikula mpaka katikati ya sahani, halafu mkono ukasimama.

"Na ukoko wako? Lete sufuria nikubandulie."

"Haupo."

"Haupo?" Somoe akaiweka sahani pembeni, akaanza kutafuta kandambili kwa mguu. "Basi nipishe. Nitakwenda uani niupike mwingine kidogo, usilale hivi hivi. Mtu hawezi kukunyima..."

"Keti, Somoe."

"Mume wangu ale wali bila ukoko kwa sababu yangu?"

"Siupendi!"

Lilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Kuku aliyekuwa mlangoni akaondoka. Bwanali akakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa kuwa mlango ulishafunguka, akayatoa yote: mama yake alivyotafuna ile punje, machozi kwenye kanga, gego lililovunjika. Aliongea akiitazama sakafu.

"Nilitaka usilie. Halafu ukafurahi. Halafu nikashindwa kurudi nyuma."

Bwanali alingoja achukie, na alikuwa tayari, alistahili.

"Hata siku moja?" Somoe aliuliza hatimaye. "Hata ule wa Idi, ninaoupaka samli?"

"Hata ule."

"Mungu wangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Unajua, Baba Kauthar, kwetu mimi na dada zangu tulikuwa tunapigania ukoko mpaka tunachaniana kanga. Mama alikuwa anatugawia kwa kijiko tusiuane. Hakuna kitu nilichokipenda duniani kama ukoko." Sauti yake ikapungua. "Ulipousifia siku ile, nikasema moyoni, mume huyu amenitetea, basi kile ninachokipenda kuliko vyote kitakuwa chake. Tangu siku hiyo sijauonja. Hata kipande. Nilikuwa nalamba mwiko tu."

Bwanali alimgeukia. Alimtazama huyu mwanamke aliyekaa mbele ya moto miaka yote hiyo, macho mekundu, kifua kinaisha, anakipika kitu anachokitamani na kukitoa chote. Alikuwa akijisifu moyoni kwa wema wake mmoja wa siku moja. Wa mkewe ulikuwa wa kila siku, na hakuwahi hata kuutaja. Alilia, na hakuona haya.

"Usilie," Somoe alisema. "Utaharibu wali."

Bwanali akainuka. Akaenda sebuleni, akafungua mfuniko wenye kovu, akausawazisha wali uliobaki, akatia samli pembeni ukingoni. Kisha akafanya alichokatazwa Kariakoo: akawasha tena. Alisimama juu ya jungu akinusa, maana hakuwa na kingine cha kumwongoza, na harufu ya uani ilipoanza kupanda, ile aliyoichukia tangu ujana, ilimfurahisha kwa mara ya kwanza. Alipopindua sufuria la ndani juu ya sinia, ukoko ulitoka mzima, mwembamba, wa rangi ya dhahabu, haukuacha hata chembe nyuma.

Akaubeba wote mpaka kitandani, akauweka mbele ya mkewe kabla ya mtu yeyote.

Somoe akavunja kipande. Akakiangalia huku na huku, kama mumewe alivyoangalia vitu vya dukani, kisha akauma. Ulilia kwa sauti, akafumba macho. Bwanali akasubiri kikohozi kilichozoea kufuata sauti ile. Alisubiri mpaka Somoe akauma tena.

"Mwembamba," Somoe alisema, mdomo umejaa. "Kesho uongeze samli."